Ibn al-Baytar: Mjuzi wa mitishamba aliyethibitisha kabla ya kuandika

Katika matabibu wa Kiislamu wa zamani, Ibn Sina ndiye anayetajwa zaidi barazani. Leo, ndugu msomaji, nataka kumweleza mwingine, Ibn al-Baytar. Somo lake tunalihitaji hasa wakati huu ambapo kila kona ya mji, na hata kwenye simu zetu, kuna mtu anayeuza chupa moja ya miti shamba inayodaiwa kutibu kila maradhi.

Alizaliwa Malaga, Andalusia, kusini mwa Uhispania ya leo, mwishoni mwa karne ya 12. Jina lake lina maana ya mwana wa tabibu wa wanyama. Alisoma kwa Abu al-Abbas al-Nabati wa Seville, na wakawa wakitoka pamoja kwenda kukusanya mimea. Karibu mwaka 1220 aliihama Andalusia. Akapita Afrika Kaskazini hadi Uturuki ya leo na Shamu, akikutana na wajuzi wa mimea na kuitazama mimea yenyewe mahali inapoota. Huko Misri, Sultan al-Kamil alimfanya mkuu wa wajuzi wa mitishamba.

Kitabu chake kikubwa, al-Jami, kina vifungu kama 1,400 vya dawa na vyakula, vimepangwa kwa herufi. Aliwaheshimu Wayunani Dioscorides na Galen, lakini hakuyameza maneno yao mazima mazima. Aliyoyathibitisha aliyaandika, na waliokosea aliwasahihisha. Tena alitaja majina ya mmea kwa lugha mbalimbali, Kiberberi kikiwamo, ili watu wasichanganye mmea huu na ule.

Jambo hilo la majina si dogo. Mwarobaini wetu, ambao wengine huuita mkilifi, una jamaa yake anayefanana nao, Melia, na matunda ya huyo jamaa ni sumu kwa binadamu. Anayechuma bila kujua huweza kumdhuru mgonjwa kwa nia njema.

Siku hizi uthibitisho umehamia maabara. Watafiti huloweka majani katika maji au spiriti, wakapata maji ya dawa. Kijikaratasi kilichochovywa humo huwekwa juu ya sahani yenye bakteria. Pakitokea duara tupu kukizunguka, bakteria wamezuiwa. Majani ya mwarobaini na habasoda yameonyesha nguvu hiyo. Hupimwa pia antioksidanti, yaani vitu vinavyopunguza madhara ya oksijeni mwilini. Biringani likikatwa hugeuka rangi, likitiwa ndimu hukawia. Ndimu ina vitu hivyo.

Lakini hapa ndipo wauzaji wanapotuchezea. Kuua bakteria kwenye sahani si kumponya mtu. Siki nayo huua bakteria, na hakuna anayetibu homa ya mapafu kwa siki. Dawa ikinywewa hupita tumboni na kwenye ini, na kipimo kinachotosha huenda kikawa sumu. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Sisemi tuitupe miti yetu. Bibi zetu walijua mengi, na baadhi ya dawa za hospitali zimetokana na mimea. Nasema tuwe na adabu ya Ibn al-Baytar. Muulize muuzaji: huu ni mti gani hasa, ni sehemu gani yake, kiasi gani, na nani hafai kuutumia? Akishindwa kujibu, usinunue. Mwenye sukari, presha au kifua kikuu asiache vidonge vyake kwa ajili ya chupa, na daktari aambiwe kila unachokunywa nyumbani.

Ibn al-Baytar alifariki Damascus mwaka 1248. Mwanafunzi wake, Ibn Abi Usaybi'a, aliyetoka naye kutazama mimea kandokando ya mji huo, ndiye aliyetuandikia habari zake. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie tuwe watu wa kuuliza kabla ya kumeza.