Agnes Macphail: Mwalimu wa Kijijini Aliyeingia Bungeni

Agnes Macphail alizaliwa tarehe 24 Machi 1890 katika wilaya ya Grey, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisomea ualimu katika chuo cha Stratford, akafundisha shule za vijijini. Sisi tulioshika chaki tunajua: mwalimu wa kijijini husikia shida za kila nyumba. Akajiunga na umoja wa wakulima.

Wanawake wa Kanada walipata kura ya taifa mwaka 1918, ingawa si wote, kwani wenyeji wa asili wengi waliachwa nje. Tarehe 6 Desemba 1921 Macphail alichaguliwa mbunge, mwanamke pekee katika bunge la viti 235. Magazeti yakashughulika na mavazi yake.

Mwaka 1929 alitumwa Geneva kwenye Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Wajumbe wanawake walizoea kuwekwa katika kamati ya ustawi wa jamii. Yeye alidai kamati ya kupunguza silaha, akaipata.

Lakini mimi naona kazi yake kubwa ni ya magereza. Wafungwa wa Kingston walifanya ghasia mwaka 1932 kwa sababu ya hali mbaya. Macphail akataka kujionea mwenyewe. Mlangoni aliambiwa wanawake hawaingii. Akajibu kwamba amekuja kama mbunge, akaingia. Kuwatetea watu wale hakukumwongezea kura hata moja, na wapo waliomsema vibaya. Hakuacha. Mwaka 1936 serikali iliunda tume chini ya Jaji Joseph Archambault. Ripoti yake ya mwaka 1938 ilikuwa na mapendekezo 88: adhabu za viboko zipunguzwe, vijana wasichanganywe na wahalifu sugu, wafungwa wafundishwe kazi. Vita vya mwaka 1939 vikaichelewesha, na mengi yalitekelezwa baada ya vita kwisha.

Yeye mwenyewe alishindwa uchaguzi mwaka 1940. Mwaka 1943 aliingia bunge la Ontario, ambako alipigania sheria ya malipo sawa kwa wanawake wanaofanya kazi sawa na wanaume. Ilipitishwa mwaka 1951, na mwaka huo huo akapoteza kiti. Alifariki Toronto tarehe 13 Februari 1954, akazikwa kwao Grey.