Leo Fender: Fundi wa Redio Aliyekutanisha Sumaku na Ubao

Wapigaji gitaa wa dunia nzima wanalijua jina la Leo Fender, lakini si wengi wajuao kwamba mzee huyu hakujua kupiga gitaa. Hata kuzilinganisha nyuzi zake hakuweza, mpaka amwite mpigaji amfanyie. Wala hakuwa seremala wa kurithi. Alikuwa fundi wa redio, na mimi naona hapo ndipo pa kuanzia, kwani kila alilolifanya katika mbao alilifanya kwa akili ya redio.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 huko California, Marekani. Wazazi wake walikuwa na shamba la michungwa baina ya miji ya Anaheim na Fullerton. Alipokuwa na umri wa miaka minane aliota uvimbe katika jicho la kushoto, likatolewa, akatiwa la kioo. Alipofika miaka kumi na minne, jamaa yake mmoja mwenye duka la umeme wa magari akampelekea sanduku la vipande vya redio mbovu, na tangu siku hizo moyo wake ukanasa. Alisomea uhasibu, akafanya kazi ya hesabu, lakini ile dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930 ikamtoa kazini. Mwaka wa 1938 alichukua mkopo akafungua duka lake la kutengeneza redio mjini Fullerton. Rizki yake ilikuwa humo.

Wapiga muziki walikuwa wakimletea magitaa na vipaza sauti vilivyoharibika, naye akayasikiliza malalamiko yao. Gitaa la siku hizo lilikuwa na tumbo wazi, kama udi wetu. Ukilitia umeme na kuliongeza sauti, tumbo hutikiswa na sauti ile ile inayotoka katika spika, likairudisha tena, mpaka ukumbi mzima ukajaa mlio wa kupasua masikio. Dawa yake ilikuwa kuliondoa tumbo.

Hapa yafaa nikieleze kile kifaa ambacho mafundi hukiita pikapu, na usidhani, msomaji, kwamba nasema gari la kubebea nazi. Ni sumaku iliyozungushiwa waya nyembamba kama unywele, mizunguko kwa maelfu. Katika pikapu moja ya Stratocaster ni yapata 8,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika ile waya, nao ndio unaokwenda kwenye kipaza sauti. Ukiongeza mizunguko, sauti huwa nene na yenye nguvu. Ukipunguza, huwa nyembamba na yenye kung'aa. Pikapu haisikii ubao kama sikio la mtu lisikiavyo. Husikia uzi.

Katika mwaka wa 1943 Fender na mwenzake, Doc Kauffman, walitaka kuijaribu pikapu waliyoibuni. Wakachukua ubao mzima usio na tumbo, wakautia nyuzi, wakaifunga pikapu yao. Ubao ule ulikuwa kama meza ya majaribio tu. Lakini wapigaji wa pale mjini wakaupenda, wakawa wanaukodi kwenda nao dansini. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kisa kikubwa kuliko vyote katika maisha yake: kwake yeye pikapu ilitangulia, na ubao ukaja kuipa mahali pa kukaa.

Gitaa lake la kwanza la ubao mzima lililouzwa sokoni lilitoka mwaka wa 1950, na mwaka uliofuata likapewa jina la Telecaster. Majaribio yake ya mwanzo aliyafanya kwa msonobari, ambao ni laini na hubonyea upesi. Ndipo akahamia mti uitwao eshi, ambao ule unaoota penye majimaji huwa mwepesi na mgumu wa kutosha. Pikapu ya nyuma aliifunga katika bamba la chuma, karibu na pale nyuzi zinapokalia, na sauti yake ikawa kali yenye kuuma, iliyowapendeza wapigaji wa muziki wa mashambani. Shingo hakuigundisha kwa gundi. Aliikaza kwa skrubu nne, ikiharibika itolewe itiwe nyingine. Fundi wa redio huyo! Mwaka huo huo wa 1951 alitoa gitaa la besi la umeme. Wapenzi wa taarab waliowasikia Black Star wa Tanga katika miaka ya 1960 wanajua besi ya namna hiyo ilivyoingia mpaka katika nyimbo zetu.

Stratocaster ilifuata mwaka wa 1954, yenye pikapu tatu, nayo ikaanza kwa eshi. Mwaka wa 1956 Fender akageukia mti wa olda. Wauzaji wa magitaa ya zamani hupenda kusimulia kana kwamba aliuchagua kwa sikio. Eshi ina vinyweleo vilivyo wazi, hutaka kuzibwa kwanza ndipo upake rangi. Olda haina taabu hiyo, nayo humea kwa wingi pwani ya magharibi ya Marekani. Eshi ikabakizwa kwa magitaa ya rangi ya manjano yaonyeshayo mishipa ya mti. Bei na rangi ndizo zilizoamua, na sauti inayosifiwa leo ilikuja nyuma yake.

Wakati huo kampuni ya Gibson ilikwenda njia nyingine. Gitaa lake la Les Paul la mwaka wa 1952 lilikuwa la mahogani, mti wa ukoo mmoja na mkangazi wetu, ukifunikwa juu kwa mepoli. Mwaka wa 1957 likatiwa pikapu ya Seth Lover yenye koili mbili zilizozungushwa kinyume, mvumo wa umeme ukafutana na sauti ya uzi ikaongezeka. Ilikuwa sauti nene, ya joto. Wengi huusifu ubao mzito kwa unene huo, lakini mimi naona sifa kubwa ni ya zile koili mbili. Ubao una sehemu yake, katika muda uzi unaodumu kulia kabla haujanyamaza. Lakini aliyebadilisha pikapu amebadilisha zaidi kuliko aliyebadilisha mti.

Fender aliugua, akajiona hana maisha marefu, na mwaka wa 1965 akaiuza kampuni yake kwa CBS kwa dola milioni 13. Kisha Mwenyezi Mungu akamjaalia kupona. Akarudi kazini, kwanza Music Man, halafu G&L aliyoianzisha na wenzake mwaka wa 1980, na huko akaziacha sumaku zake za zamani akatumia za kauri, kila uzi ukiwa na skrubu yake ya kupandisha na kushusha.

Alifariki tarehe 21 Machi 1991, akiwa na maradhi ya Parkinson. Mwaka wa 1992 jina lake liliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, mwaka ule ule lilipoingizwa kundi la Jimi Hendrix, ambaye aliipiga Stratocaster kwa mkono wa kushoto, ameigeuza juu chini.