Simone Weil, mwalimu aliyesoma Iliade wakati wa vita

Kila mara Iliade inapotajwa darasani, kuna mwenzetu anayeuliza: Wagiriki wa zamani wanatuhusu nini sisi watu wa Beni? Swali ni la haki. Nalijibu kwa kusimulia maisha ya mwanamke aliyekifungua kitabu hicho kwa sababu nchi yake ilikuwa inaingia vitani.

Simone Weil alizaliwa Paris tarehe 3 Februari 1909. Baba yake alikuwa daktari. Familia ilikuwa ya Kiyahudi, ila nyumbani hawakushika dini. Kaka yake André alikuja kuwa mwanahisabati mkubwa, na dada mtu alipokuwa kijana alijiona si kitu mbele yake. Hata hivyo alisoma falsafa kwa mwalimu Alain, akaingia École Normale Supérieure mwaka 1928, na mwaka 1931 akafaulu mtihani wa agrégation, unaompa mtu haki ya kufundisha lise. Alitumwa Le Puy, mji mdogo wa milimani. Huko aliwaudhi wakubwa kwa kuandamana na watu wasio na kazi, na mshahara wake aligawana na wahitaji.

Desemba 1934 aliacha ualimu kwa muda, akaingia kiwandani kama kibarua: Alsthom, halafu Carnaud, mwisho Renault, hadi Agosti 1935. Kichwa kilimuuma daima, macho yalikuwa mabovu, na mikono haikuzoea mashine. Uchovu aliutazamia. Asichokitazamia ni kwamba mtu anayeamrishwa mchana kutwa hufika mahali hata hasira inamtoka, akabaki kutii tu kama punda wa mizigo. Tulishike hilo, maana atalikuta tena kwa Homère.

Mwaka 1936 aliandika kisa cha Antigone kwa lugha nyepesi katika gazeti la kiwanda cha Rosières, karibu na Bourges. Aliamini kwamba wafanyakazi wangewaelewa Wagiriki kuliko maprofesa, kwa kuwa wanajua kuonewa ni nini. (Sisi tunaosoma ili tuitwe maprofesa, tumeze hilo polepole.)

Agosti mwaka huo huo alikwenda Hispania kujiunga na wapiganaji wa Durruti. Hakukaa sana: kwa macho yale mabovu alikanyaga chungu cha mafuta ya moto, wazazi wakamrudisha nyumbani. Lakini alikuwa amekwisha kusikia wenzake, watu wa upande wake mwenyewe, wakisimulia mezani jinsi walivyoua, huku wakitabasamu. Alijua pia habari ya kijana wa miaka 15 aliyetekwa, akapewa siku moja achague kubadili upande au kufa. Alikataa, akauawa. Kifo hicho hakikumtoka rohoni.

Ndipo vita vya 1939 vikaanza, naye akaandika makala yake juu ya Iliade. Ilikuwa itoke katika Nouvelle Revue Française, lakini Juni 1940 Wajerumani waliingia Paris. Ilitoka mwishoni mwa 1940 na mwanzoni mwa 1941 huko Marseille, katika Cahiers du Sud, kwa jina la Émile Novis, ambalo ni herufi za jina lake zilizopangwa upya. Beti alizifasiri mwenyewe kutoka Kigiriki.

Kawaida tunafundishwa kwamba shujaa wa Iliade ni Achille, au Hector. Weil alikataa. Kwake anayetawala utenzi wote ni mabavu, yaani uwezo wa kumgeuza mtu kuwa kitu. Aliyeuawa ni kitu, hilo ni wazi. Ila hata aliye hai, akipigishwa magoti mbele ya silaha, amekwisha kuwa nusu kitu: mzee Priam anaibusu mikono iliyowaua wanawe. Na mwenye silaha naye hasalimiki. Mabavu yanamlevya, anadhani ni mali yake, kumbe amekopeshwa; aliyeshinda leo kesho yuko mavumbini.

Mahali palipomshika sana ni kitabu cha 22. Andromaque anawaagiza wajakazi waweke maji motoni ili mumewe aoge akitoka vitani. Hajui kwamba Hector amekwisha kufa mbele ya kuta za mji. Tangu Oktoba 2014 watu wa teritwari yetu ya Beni wamekuwa wakiuawa vijijini na mashambani. Wangapi walitoka asubuhi kwenda kwenye kakao, na jioni maji yao yalikuwa motoni? Hapo sihitaji profesa anifafanulie.

Kingine alichokipenda: Homère ni Mgiriki, lakini huwezi kujua kwa urahisi yuko upande gani. Mtroie akifa, mshairi anakumbuka mama yake na nyumba yake sawasawa na Mgiriki. Sisi tunaohesabu maiti kwa kabila tungepaswa kusoma kurasa hizo mara mbili.

Sikubaliani naye katika yote. Furaha ya kupigana, ambayo Homère anaiimba waziwazi, aliipita haraka. Tena hakujua utenzi wa Mwindo wa jirani zetu Wanyanga wa Walikale, uliosimuliwa na Candi Rureke kwa siku 12 mwaka 1956. Mwindo naye analewa nguvu zake, lakini anapandishwa mbinguni, anateswa na radi, mvua, mwezi na jua, kisha anarudi kutawala kwa sheria. Homère hatoi njia hiyo, na Weil alifikiri huo ndio ukweli wake. Mimi nabaki na wote wawili.

Mwaka 1942 alikimbilia New York na wazazi wake, halafu London, kuwatumikia Wafaransa huru. Aliomba atumwe Ufaransa kwa siri, walikataa. Aprili 1943 aligunduliwa na kifua kikuu. Hospitalini hakutaka kula zaidi ya kile alichoamini kwamba watu wa kwao wanapata. Alikufa Ashford tarehe 24 Agosti 1943, na miaka 34. Vitabu vyake karibu vyote vilitoka baadaye, vingine kwa mkono wa Albert Camus. Siku hizi barabara kubwa ya Ashford ina jina lake.