Daniel Boone: Mjuzi wa Ardhi Aliyeshindwa na Karatasi

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua ploti, nikalipa, nikapewa karatasi yenye muhuri. Siku nilipopeleka mawe ya msingi nikamkuta bwana mwingine ameshayateremsha yake, naye ana karatasi yenye muhuri. Aliyetuuzia ni mmoja. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kukaa kwenye mabenchi ya mahakama, na katika kungoja huko ndiko nilikomsoma Daniel Boone.

Wengi wa rika langu tunamjua kwa filamu, mzungu wa porini aliyevaa kofia ya manyoya yenye mkia. Kofia yenyewe inasemekana hakuipenda. Ambalo filamu hazikutuonyesha ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia katika biashara ya ardhi: kuipima, kuinunua na kuwauzia walowezi. Na biashara hiyo ndiyo iliyomfilisi.

Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1734, baba yake akiwa mfumaji na mhunzi. Wakahamia North Carolina, akaoa, akawa mwindaji. Kuvuka milima ya Appalachia kwenda Kentucky kulikuwa kumekatazwa, maana mfalme wa Uingereza alitoa amri mwaka 1763 kwamba mtu binafsi asinunue ardhi ya wenyeji upande ule. Amri ni jambo moja, tamaa ya ardhi ni jingine. Mwaka 1773 Boone alijaribu kupeleka familia kadhaa huko. Njiani mwanawe James, kijana wa miaka kumi na sita, akauawa na wenyeji, na msafara ukarudi nyuma.

Miaka miwili baadaye akatokea Richard Henderson, hakimu aliyegeuka mfanyabiashara wa ardhi. Mwezi Machi 1775, mahali panapoitwa Sycamore Shoals, Henderson na wenzake walikaa na wazee wa Wacherokee wakanunua ekari zipatazo milioni 20 kwa bidhaa zilizohesabiwa kuwa za pauni 10,000. Kijana mmoja wa Kicherokee, Dragging Canoe, aliukataa mkataba huo waziwazi mbele ya wazee wake, lakini hakusikizwa. Nao Washawnee, waliowinda Kentucky miaka na miaka, hawakuuza kitu. Kwa hiyo tangu mwanzo mali iliuzwa na mtu mmoja huku mwingine akiihesabu kuwa yake. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza, nikanywa maji.

Kazi ya Boone ilikuwa kufyeka njia. Akatangulia na watu kama thelathini wenye mashoka, wakatoboa msitu hadi mto Kentucky, wakajenga ngome ya Boonesborough. Kwa njia ile walowezi walipita kwa maelfu. Washawnee wakapigana. Mwaka 1778 walimteka Boone, chifu Blackfish akamfanya mwanawe wa kulea, akakaa nao miezi kadhaa kisha akatoroka. Mwaka huohuo jimbo la Virginia likatangaza kuwa ununuzi wa Henderson ni batili. Henderson akapozwa kwa ekari 200,000. Boone, aliyeahidiwa ardhi kwa jasho lake, hakupata hata shamba moja kutokana na ahadi ile.

Mwaka 1779 Virginia ikatunga sheria ya kuuza ardhi ya Kentucky, na hapa ndipo fundo lilipo. Serikali haikupima kwanza. Ilimuuzia mtu hati ya kustahili ekari kadhaa, kisha mwenyewe aende porini atafute pa kuzikata, aandikishe, apimiwe, mwisho ndipo apewe hatimiliki. Mipaka iliandikwa kwa mti, kwa kijito, kwa alama iliyochongwa na shoka. Mti ukianguka, mpaka umekwenda. Madai yakapandana kama makuti ya paa.

Boone akaona riziki hapo. Mwaka 1780 jirani zake walimkabidhi fedha zao awapelekee Williamsburg awanunulie hati. Akalala kwenye nyumba ya wageni, akaamka fedha hazipo, maelfu ya dola. Wako waliomsamehe, na wako waliomdai, naye akalipa kidogokidogo kwa miaka. Baadaye akawa mpimaji ardhi. Aliijua nchi ile kwa miguu yake kuliko wakili yeyote, lakini vipimo vyake vilikuwa vya haraka na kuandikisha alichelewesha. Akiuza shamba aliweka dhamana kwamba ni salama. Likizuka dai la zamani zaidi, mnunuzi anamrudia yeye. Kesi zikafuatana. Mwaka 1798 ilitoka amri ya kumkamata kwa kutofika mahakamani, na mwaka huohuo Kentucky ikaipa kaunti nzima jina lake.

Simwonei huruma yote. Alikuwa na watumwa, na riziki yake ilisimama juu ya ardhi ambayo Washawnee hawakuiuza. Lakini naelewa alivyoshindwa. Huku kwetu pwani sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wapeleke madai yao ya ardhi yakaandikwe. Isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Wazee wetu wengi walikuwa na minazi na makaburi, wala hawakuwa na habari ya daftari. Wajukuu wao leo wanaitwa maskwota palepale walipozaliwa.

Mwaka 1799 Boone akahamia Missouri, wakati huo ni milki ya Hispania. Wahispania wakampa ekari kama 850 na cheo cha kuamua migogoro midogo. Hakujisumbua kukamilisha karatasi. Mwaka 1803 nchi ile ikanunuliwa na Marekani, na mwaka 1809 maafisa wakalikataa dai lake. Fikiria, mara ya pili! Ilibidi azee akiandika maombi, mpaka Bunge la Marekani likamrudishia ardhi ile mwaka 1814, mwaka mmoja baada ya mkewe Rebecca kufariki. Habari zikafika Kentucky, na wadai wa zamani nao wakafika. Akauza sehemu kubwa kuwalipa.

Alifia nyumbani kwa mwanawe Nathan tarehe 26 Septemba 1820, akiwa na miaka 85. Kesi yangu itatajwa tena mwezi ujao. Wakili ameniambia nitafute wazee wanaoujua ule mwembe wa mpakani, na mwembe wenyewe ulikatwa zamani.