Jacek Kuroń: waziri aliyegawa supu

Wanachuo wenzangu, muhula huu Poland tumeisoma mpaka basi. Grafu ile ile: nchi inaachana na ukomunisti mwaka 1989, uchumi unaporomoka, kisha unapanda. Darasa zima linaangalia kule juu. Mimi macho yalibaki pale chini, maana babu yangu alipunguzwa kazi kiwanda chao kilipobinafsishwa. Nikataka kujua nani alisimama na watu wa pale chini. Ndipo nikakutana na huyu jamaa.

Alizaliwa mwaka 1934 Lwów, mji ambao leo uko Ukraine na unaitwa Lviv. Ujanani alikuwa mkomunisti wa kweli kweli. Mwaka 1965 yeye na rafiki yake Karol Modzelewski walisambaza barua ya wazi pale Chuo Kikuu cha Warsaw, wakidai kuwa chama kinatawala kwa jina la wafanyakazi huku kikiwanyonya. Wote wawili wakafungwa. Alipotoka hakukaa sana: vuguvugu la wanafunzi la Machi 1968 likamrudisha jela. Mwaka 1976 akashiriki kuanzisha KOR, kamati ya kuwatetea wafanyakazi waliokamatwa na kufukuzwa kazi baada ya migomo. Baadaye akawa mshauri wa Solidarity, na mwaka 1981 akakamatwa tena.

Sasa hapa ndipo penye mtihani. Mwaka 1989 wapinzani wakaunda serikali, na Kuroń akapewa wizara ya kazi. Tarehe 1 Januari 1990 mpango wa waziri wa fedha, Leszek Balcerowicz, ukaanza: bei nyingi zikaachiwa, ruzuku zikakatwa, viwanda vya serikali vikabanwa. Nchi ambayo rasmi haikuwa na wasio na ajira ikamaliza mwaka huo ikiwa nao zaidi ya milioni 1. Yaani mtu aliyefungwa kwa ajili ya wafanyakazi ndiye akawa wa kuwaeleza kwa nini hawana kazi.

Hakujificha. Akiwa na shati lake la jinsi, alitokea kwenye televisheni kila wiki kueleza, na mitaani akagawa supu kwa mkono wake. Watu wakaiita kuroniówka, na jina hilo likahamia kwenye posho ya wasio na ajira.

Mwaka 1995 aligombea urais, akawa wa tatu. Miaka yake ya mwisho alikiri hadharani kwamba alikosea kuukubali mpango ule jinsi ulivyokuwa. Alifariki mwaka 2004.

Wapo wanaosema supu haijengi uchumi. Kweli. Ila siku babu aliporudi nyumbani na barua yake ya kupunguzwa, hakuna mkubwa yeyote aliyekuja kumweleza kitu, na hadi leo hakuna aliyekiri kosa. Kwenye mtihani nitachora ile grafu kama tulivyofundishwa. Pale chini nitaandika jina la Kuroń.