Siti binti Saad: Elimu ya Muziki Isiyoandikwa na Nafasi ya Tanga katika Kumbukumbu Yake

1.0 Utangulizi

Katika historia ya muziki wa pwani ya Afrika ya Mashariki, Siti binti Saad hutajwa aghalabu kuwa mwimbaji mwenye kipaji. Neno kipaji, hata hivyo, huficha mengi kuliko linavyofichua. Humfanya msomaji adhani kwamba sauti ile ilibubujika kama maji ya chemchemi, bila ya mwalimu, bila ya zoezi na bila ya mtihani. Makala haya yanayapitia maisha ya mwimbaji huyo kwa kuzingatia swali moja: alijifunzaje muziki? Hoja inayotolewa ni kwamba Siti alipata mafunzo kamili, yenye walimu, mpangilio na watahini, ingawa hayakuandikwa popote. Swali hili lina uzito maalumu kwa kuwa muziki umekuwa somo la shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya Tanzania, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi wa shahada hiyo hutarajiwa kujua kusoma na kuandika. Siti hakujua lolote katika hayo mawili.

2.0 Nasaba na Utoto

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, mnamo mwaka 1880 au karibu na hapo. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua mwenye asili ya upande wa Tanga. Nasaba hiyo si jambo la kupita. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walivushwa kutoka Pangani na bandari nyingine za mrima kwenda Unguja, wakiwa watumwa au watu waliokimbia njaa na vita. Jina la kwanza alilopewa mtoto huyo lilikuwa Mtumwa. Alikuwa kijana tayari wakati hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria huko Unguja na Pemba mwaka 1897, nalo jina hilo likabaki kuwa ushahidi wa tabaka alimotoka.

Hakupelekwa shule. Elimu aliyoipata kwanza ilikuwa ufinyanzi, aliofundishwa na mama yake. Alifinyanga vyungu na mitungi, akavitembeza kijijini hadi mjini, na alipovinadi alivinadi kwa kuimba. Yafaa kulitazama jambo hili kwa makini. Mchuuzi anayenadi kwa sauti hulazimika kuimudu pumzi yake akiwa anatembea na mzigo kichwani. Hulazimika pia kutamka maneno yasikike ndani ya nyumba ambayo hajaiona, na kujua ni lini aivute silabi na lini aikate. Hayo ndiyo mambo ambayo mwalimu wa uimbaji huanza nayo darasani. Siti aliyapata barabarani, na malipo yake yalikuwa chungu kilichonunuliwa au kisichonunuliwa.

3.0 Mafunzo ya Mjini

Mwaka 1911 alihamia mjini Unguja. Taarabu ya mji huo wakati huo ilikuwa sanaa ya Kiarabu kwa lugha na ya kiume kwa wapigaji. Kwa mujibu wa masimulizi ya wanataarabu wenyewe, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Naye aliporudi aliwafundisha wengine katika kasri. Kwa hiyo, safari ya masomo ya muziki ng'ambo, pamoja na wajibu wa mhitimu kurudi kufundisha, ilikuwa imekwisha kujulikana Unguja kabla ya karne ya 20 kuanza. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Nadi Ikhwani Safaa, ambacho kiliutoa muziki huo katika kasri na kuutia mikononi mwa wanaume wa mjini.

Mlango wa Siti ulifunguliwa na mmoja wa wanamuziki hao, Muhsin Ali, aliyeisikia sauti yake akatambua kwamba ilihitaji kufundwa. Kufundwa huko kulikuwa na sehemu tatu zinazoweza kubainishwa.

Sehemu ya kwanza ilikuwa lugha. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na mwanafunzi hakuwa na Kiarabu wala hati yake. Alilazimika kuyapokea maneno kwa sikio, kuyatamka mbele ya mwalimu, kusahihishwa na kurudia. Njia hiyo haikuwa ngeni katika jamii yake. Ndiyo njia ambayo watoto wa pwani wamehifadhia Kurani kwa karne nyingi: mwalimu hutoa sauti, mwanafunzi huirudisha, na kosa la herufi moja huzuia hatua inayofuata. Kwa mtazamo wa isimu, zoezi hilo ni gumu zaidi ya linavyoonekana, kwa kuwa sauti kadhaa za kooni za Kiarabu hazimo katika lugha za Kibantu. Aliyezipata baada ya utoto alizipata kwa bidii.

Sehemu ya pili ilikuwa muziki wenyewe: kuzitambua makamu, yaani mipangilio ya sauti ambayo juu yake tuni hujengwa, na kuimba pamoja na ala bila ya kupotezana nazo. Sehemu ya tatu ilikuwa ushairi. Wimbo wa taarabu wa Kiswahili kwa kawaida hujengwa kwa beti zenye mishororo ya mizani 16, iliyogawanyika nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Asiyejua kuandika huzihesabu mizani kwa sikio. Akikosea, haoni kosa lake katika karatasi, bali hulisikia pale ambapo neno linagoma kukaa katika mapigo.

Baadaye Siti aliungana na wenzake waliokuwa wanafunzi na walimu wa mmoja kwa mwingine: Mbaruk Talsam, Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, na Maalim Shaaban Umbaye. Walifanya mazoezi nyumbani kwa Siti katika mtaa wa Ng'ambo, upande wa mji walikokaa watu wa kawaida, wengi wao wakiwa wazao wa watumwa.

4.0 Watahini

Elimu isiyo na mtihani hutiliwa shaka, na wapo wanaodhani kwamba elimu ya mapokeo haina mtihani. Maisha ya Siti yanaonyesha kinyume chake. Mtihani wa kwanza ulikuwa wa kejeli. Wapinzani walimtungia nyimbo za kumdharau, wakimkumbusha ushamba wake na umaskini wake, na yeye alitarajiwa kuzijibu papo kwa papo kwa mizani timilifu. Alizijibu. Mtihani wa pili ulikuwa wa mabaraza mawili yasiyolingana. Alialikwa katika majumba ya watawala na matajiri wa Kiarabu, ambao walijua Kiarabu fasaha na wangecheka tamko baya. Tena aliimba Ng'ambo, mbele ya watu waliotaka kuelewa kila neno. Kuwaridhisha wote wawili kulihitaji umahiri wa lugha mbili na adabu za pande mbili.

Ni katika baraza la pili ndipo alipofanya tendo lake kubwa zaidi kiisimu, yaani kukikalisha Kiswahili mahali pa Kiarabu katika taarabu. Nyimbo zake zilibeba habari za mji. Wimbo uitwao Kijiti, kwa mfano, unahusu mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, ambayo mtuhumiwa wake alivuka bahari na kutoroka huku mashahidi wakiadhibiwa na mahakama. Lugha iliyokuwa ya nyumbani na sokoni ikawa lugha ya kuihukumu mahakama.

Mtihani wa tatu ulikuwa wa mashine. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, nchini India, kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ambao sauti zao ziliuzwa kwa njia hiyo. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Wimbo ambao barazani uliweza kurefushwa kwa kadiri ya furaha ya wasikilizaji ulilazimika kuanza, kukamilika na kwisha ndani ya muda huo. Aliyezoea kupimwa kwa nyuso za watu sasa alipimwa kwa saa. Kurudi kwao studio katika miaka iliyofuata, na kuenea kwa santuri hizo katika pwani ya Kenya na Tanganyika, ni dalili tosha kwamba walifaulu.

5.0 Kalamu ya Tanga

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amezungumza na mwandishi kutoka Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na aliyekuwa karani wa serikali mjini Tanga wakati huo. Kutokana na mazungumzo hayo kulitokea Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapwa mwaka 1958 na kutolewa tena baadaye kama kitabu. Hivyo binti wa mama Mzigua, ambaye nasaba yake ilivuka bahari kutoka upande wa Tanga, alirudishwa huko kwa maandishi.

Thamani ya kitabu hicho ni kubwa, na mipaka yake pia haina budi kuelezwa. Shaaban Robert alikuwa mshairi na mwanamaadili. Alichokiona kwa Siti ni mfano wa subira, heshima na kujikwamua, na hilo ndilo alilolihifadhi. Tuni, makamu na namna ya kufundisha havikuweza kupita katika kalamu yake. Kwa hiyo, elimu ya Siti iligawanyika mafungu matatu: maneno na mwenendo viliingia kitabuni, sauti ikaingia katika santuri, na mbinu ya kujifunza ikabaki kwa watu waliomsikiliza. Mmoja wao alikuwa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 na aliyejulikana kuwa aliokota sanaa yake kwa kusikiliza nyumbani kwa Siti.

Fungu hilo la tatu lilivuka hadi mrima pia. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya Tanga, hususan Black Star na Lucky Star, viliingiza gitaa na besi katika taarabu na kuibadilisha sura. Shakila binti Said, aliyezaliwa Pangani na kufariki mwaka 2016, aliimba katika vikundi hivyo viwili. Kwamba sauti ya mwanamke ilisimama mbele ya ala, tena kwa Kiswahili, lilikuwa jambo la kawaida katika kizazi chake. Miaka sitini kabla yake halikuwa hivyo.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Siti binti Saad hakuwa mwimbaji asiyefunzwa, bali aliyefunzwa kwa njia isiyoacha karatasi. Baadhi ya taasisi zimekwisha kuitambua njia hiyo. Chuo cha muziki kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, kijulikanacho kama Dhow Countries Music Academy, kimewaweka mabingwa wa taarabu kuwa walimu. Hata hivyo, kwa shahada ya kwanza swali bado liko wazi. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya Siti huwa na kitabu cha Shaaban Robert mezani na huenda akawa na santuri zilizohamishiwa katika vyombo vipya. Akiyasoma maneno bila ya kuyaimba, atakuwa amechukua fungu moja kati ya matatu. Hana budi kukaa pia mbele ya mwalimu, kusikiliza, kurudisha na kusahihishwa, kama alivyofanya mfinyanzi wa Fumba. Walimu wa namna hiyo wapo Unguja, Tanga na Pangani, na umri wao haungoji mtaala ukamilike.