Maisha ya Hayati Edward Moringe Sokoine

Kiti cha Waziri Mkuu wa nchi yetu kimewahi kuondolewa na kurudishwa. Mwalimu Julius Nyerere alikikalia wa kwanza mwaka 1961, akakiacha Januari 1962, na Bw. Rashidi Kawawa akakishika. Tulipokuwa Jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962, cheo hicho kilifutwa. Mwaka 1972 kilirudishwa, akapewa tena Bw. Kawawa. Aliyemfuata ndiye tunayemsimulia hapa.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli, katika nchi ya Wamasai, tarehe 1 Agosti 1938. Alisoma huko Monduli, kisha Umbwe, Kilimanjaro. Aliingia TANU mwaka 1961, akawa Mbunge mwaka 1965 na Waziri wa Ulinzi mwaka 1972. Februari 1977 alifanywa Waziri Mkuu, hali hajatimiza miaka 39.

Wazee wetu wa Kanazi wana sababu ya kuukumbuka wakati wake. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Amin alishindwa mwaka 1979, lakini vita vilikuwa vimekula mali nyingi, na bidhaa zikawa adimu madukani.

Sokoine aliacha kazi mwaka 1980, akashika Bw. Cleopa Msuya. Februari 1983 aliitwa tena, akaanza kupambana na walanguzi na wenye kuficha bidhaa. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa. Wananchi wengi walishangilia. Hata hivyo, sheria iliyotungwa ilimnyima mshtakiwa wakili na rufani, na mwaka 1984 ikabadilishwa. Jambo hili nalo sharti tulitaje, kwani haraka ya kumwadhibu mwizi yaweza kumwumiza asiye na kosa.

Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam, gari lake liligongana na jingine huko Dakawa, Morogoro, akafa. Alikuwa na miaka 45. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro chaitwa kwa jina lake.

Cheo cha Waziri Mkuu hutolewa na Rais, na chaweza kurudishwa kwake siku yoyote. Sokoine alikishika mara mbili bila ya kujitajirisha nacho. Nasi viranja, wasimamizi wa mabweni na watunza stoo, tusingoje kuwa wakubwa ndipo tumwige.